Muuaji Alivyotoweka Pichani

Mwaka 1892, katika mitaa ya katikati ya Jiji la Mexico, mtu mwenye sarafu ndogo mkononi aliweza kununua karatasi nyembamba iliyobeba habari za Guadalupe Bejarano. Mama huyu alimtesa mtoto wa kike aliyekuwa chini ya ulinzi wake mpaka mtoto akafa, na jiji zima lilikuwa likimzungumzia. Karatasi moja inamwonyesha akiwa gereza la Belén, amekabilishwa uso kwa uso na mwanawe wa kumzaa, kwa utaratibu wa sheria za Mexico wa kuwasimamisha pamoja watu ambao maelezo yao yanapingana. Picha hiyo haina maiti. Ina mtuhumiwa ambaye ameulizwa swali na anatakiwa kulijibu.

Leo mtu akisimama mbele ya kibanda cha magazeti katika jiji hilohilo, atakutana na ukurasa wa mbele ulio kinyume kabisa. Mwili uliokatwakatwa umelala chini, kuna utepe wa njano wa polisi, na juu yake kichwa cha habari cha mzaha. Aliyeua hayumo pichani, na mara nyingi hayumo hata kwenye maandishi. Kati ya karatasi ile na ukurasa huu kuna zaidi ya karne moja ya historia, na wanaoisimulia wengi huisimulia kama mwendelezo: Wamexico wamependa kutazama damu tangu zamani, zamani walichongewa, sasa wanapigiwa picha. Sikubaliani na maelezo hayo. Hamu ya watu kutazama uhalifu ipo palepale, lakini namna ya kuutazama iliporomoka, na mporomoko huo una tarehe zake na sababu zake.

Tuanze na karatasi zenyewe. Zilitoka kwa mpiga chapa Antonio Vanegas Arroyo, aliyefungua biashara yake mwaka 1880. Aliuza kila kilichoweza kununuliwa na maskini wa mjini: sala za watakatifu, vitabu vya mapishi, mifano ya barua za mapenzi, vitendawili, hadithi za watoto, michezo ya kuigiza na nyimbo. Habari za uhalifu zilikuwa bidhaa moja miongoni mwa hizo. Mchongaji wake wa mwanzo alikuwa Manuel Manilla. Aliyempita kwa umaarufu ni José Guadalupe Posada, mzaliwa wa Aguascalientes wa mwaka 1852, aliyehamia mji mkuu mwaka 1888 baada ya mafuriko makubwa kuuharibu mji wa León alikokuwa akifanya kazi. Mashairi na maelezo mengi yaliandikwa na Constancio S. Suárez, mshairi wa Oaxaca ambaye jina lake leo halitajwi sana ingawa nusu ya nguvu ya karatasi zile ni yake.

Ufundi wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndio uliozipa picha hizo sura yake. Posada alichonga kwa patasi ndogo ya chuma juu ya bamba la madini laini yenye risasi, ya jamii ileile ya herufi za kupigia chapa. Alichokiondoa kilibaki cheupe, alichokiacha kilishika wino. Bamba lilipigiliwa juu ya kipande cha mbao mpaka kimo chake kikalingana na herufi, kisha likafungwa pamoja nazo katika fremu moja, picha na maneno vikapigwa kwa mkandamizo mmoja. Baadaye alihamia zinki: alichora moja kwa moja juu ya bamba kwa wino usioliwa na tindikali, tindikali ikala sehemu iliyobaki, mistari ikasimama. Njia hiyo ilikuwa ya haraka mno. Kisa kilichotokea asubuhi kiliweza kuwa mikononi mwa wachuuzi kabla hakijapoa. Karatasi mojawapo ya matoleo hayo, iliyoitwa Gaceta Callejera, yaani gazeti la mtaani, haikuwa hata na siku maalumu ya kutoka. Ilijitangaza kwamba itatoka pale tu matukio ya kushtua yatakapoidai.

José Clemente Orozco, aliyekuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa kuta, alieleza katika kumbukumbu za maisha yake jinsi alivyopita mbele ya karakana ya Posada akienda na kutoka shule. Mzee alifanya kazi nyuma ya kioo, wapita njia wakimwona. Mtoto alisimama kumtazama, na mara nyingine alithubutu kuingia akaokota mabaki ya chuma yaliyodondoka kutoka kwenye patasi. Naipenda habari hii kwa jambo moja linalohusu mada yetu: picha ya uhalifu ilitengenezwa hadharani, na mnunuzi alijua fika kwamba ni kazi ya mkono wa mtu. Hakuna aliyeamini kwamba Posada alikuwapo kisu kilipoinuliwa.

Na kwa kuwa hakuwapo, aliweza kuchora kitendo chenyewe. Angalia mpangilio unaojirudia katika karatasi za mauaji ya ndani ya familia. Muuaji yuko katikati, mguu mmoja umetangulia, mkono umepanda juu na kisu hakijashuka. Anayeuawa ameanguka nusu, kiganja kimeinuliwa mbele ya uso, mdomo wazi. Nyuma ya muuaji, mara nyingi, wamejaa mashetani wenye mabawa ya popo, na nyoka nao wamo, wakimhimiza. Mistari imechongwa kwa pamoja, michache imenyooka na mingi imepinda, kiasi kwamba hewa ya chumba kizima inaonekana kutetemeka. Jicho la mtazamaji halina pa kutua isipokuwa kwenye ule mkono. Dakika iliyochaguliwa ni dakika ambayo bado mtu anaweza kuacha. Mashetani wanamhimiza, lakini mkono ni wake.

Kisha yalikuja mashairi. Nyimbo za masimulizi za Mexico, zinazoitwa corrido, kwa kawaida huenda kwa mistari ya mizani nane katika beti za mistari minne, na msomaji aliyezoea tenzi zetu atatambua mara moja kwa nini ni rahisi kuzikariri. Sensa ya mwaka 1895 ilikuta kwamba waliojua kusoma nchini Mexico hawakufika mtu mmoja kati ya watano. Karatasi ilisomwa na mmoja, ikasikilizwa na kumi. Waimbaji walizibeba hadi kwenye masoko na minada ya sikukuu za watakatifu, wakaimba kwanza, wakauza baadaye. Katika tungo nyingi mhukumiwa mwenyewe ndiye anayesema, akiwaaga mama yake, mtaa wake na wenzake gerezani kabla ya kupigwa risasi. Alitajwa jina, mji wa kuzaliwa, na alilolitenda. Hata aliyemchukia alilazimika kuimba kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba kosa ni lake.

Sitaki kuzipamba karatasi hizi kuliko zilivyokuwa. Zilidanganya. Bamba moja la mtu anayemchoma mwenzake kisu lilitumika kwa kisa hiki, likahifadhiwa, likatumika tena kwa kisa kingine cha mji mwingine. Baadhi ya visa vilivyouzwa kama habari vilitungwa mezani. Ziliwapenda wenye mamlaka kila walipomsimamisha mhalifu mbele ya kikosi cha kufyatua risasi, na zilimwona padri aliye kando ya mhukumiwa kuwa ndiye tamati ya hadithi. Ukatili wao ulionekana wazi Novemba 1901, polisi walipovamia dansi ya wanaume arobaini na mmoja, baadhi yao wakiwa wamevaa nguo za kike. Karatasi zilizofuata ziliwachekesha wanunuzi kwa watu ambao wengine wao walikuwa wakipelekwa kazi za lazima Yucatán. Mchongaji aliyeweza kuupa mkono wa muuaji uzito wa kiroho aliweza pia, kwa patasi ileile, kuwafanya wasio na kosa kuwa vikaragosi.

Pamoja na makosa hayo yote, karatasi zilishikilia kanuni moja: uhalifu una mtenda, na mtenda ana uso. Kanuni hiyo ilipimwa vikali mwaka 1897. Tarehe 16 Septemba, siku ya sherehe za uhuru, mtu mmoja aitwaye Arnulfo Arroyo alimrukia Rais Porfirio Díaz katika bustani ya Alameda na kumpiga. Hakuwa na silaha. Usiku huo aliuawa kwa visu akiwa mikononi mwa polisi, na umma ukaambiwa kwamba kundi la wananchi wenye hasira ndilo lililovamia. Muda mrefu haukupita, ikafahamika kwamba kundi hilo lilikuwa la polisi waliovaa kiraia, na mkuu wa polisi wa jiji, Eduardo Velázquez, akajiua gerezani. Jambo la kisiasa la kiwango hicho lilikuja kwa umma kama kisa cha mauaji, kwa maswali yaleyale ya kila siku: nani alishika kisu, nani alimtuma. Mtu aliyekuwa amezoeshwa na karatasi za mtaani kumtafuta mtenda alijua la kuuliza.

Sasa mporomoko. Mwaka 1896 Rafael Reyes Spíndola alianzisha gazeti la El Imparcial. Lilikuwa na mitambo ya kisasa ya kupanga herufi na kupiga chapa, na lilipewa fedha na serikali ya Díaz, hivyo likauzwa kwa sentavo moja. Mwaka huohuo magazeti mawili makongwe ya waliberali, El Siglo Diez y Nueve na El Monitor Republicano, yalifungwa. Wanahistoria wa siasa huomboleza hayo mawili, na wana haki. Lakini pigo kwa karatasi za mtaani lilikuwa la namna nyingine. Kwa bei ya karatasi moja yenye kisa kimoja, mtu sasa alipata gazeti zima lenye kurasa kadhaa, na ndani yake waandishi waliotumwa vituo vya polisi kila siku kuleta habari za mauaji. Vanegas Arroyo alichapa kwa mashine ndogo. Asingeweza kushindana kwa wingi, na baada ya muda hakuweza kushindana kwa kasi.

Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 magazeti yalianza kuchapa picha za mnato. Kisha mwaka 1910 mapinduzi yakaanza, na kipimo cha kifo kikabadilika. Posada alichonga wapiganaji wa kiongozi wa waasi Zapata, vikosi vya kufyatua risasi, watu walionyongwa kwenye miti, lakini kisa cha mtoto aliyewaua wazazi wake kilikuwa kimepoteza ile nguvu ya kuusimamisha mji mzima. Alifariki tarehe 20 Januari 1913, akiwa maskini, wiki tatu tu kabla ya mapigano yaliyomwangusha Rais Francisco Madero kuugeuza mji mkuu uwanja wa vita. Alizikwa kaburi la daraja la chini kabisa katika makaburi ya Dolores, na baada ya miaka saba, kwa kuwa hakuna aliyekuja kudai mifupa yake, ikatupwa kwenye shimo la pamoja. Vanegas Arroyo alimfuata mwaka 1917. Warithi waliendelea na matbaa kwa miongo mingi. Mjukuu wake, Arsacio, alikuwa mwanamieleka, na mwaka 1955 na 1956 ndiye aliyewafanyisha mazoezi ya mwili vijana wa Fidel Castro walipokuwa wakijiandaa nchini Mexico kwa safari yao ya Cuba. Ni habari ya pembeni, lakini inaonyesha kwamba nyumba hiyo haikukatika mizizi yake mtaani hata pale bidhaa yake ya zamani ilipokosa soko.

Bidhaa hiyo haikufa kwa siku moja, wala haikuuawa na kitu kimoja. Iligawanywa. Picha ilichukuliwa na gazeti la kila siku. Wimbo ulichukuliwa na santuri, kisha na redio. Kituo cha XEW, kilichokuja kusikika Mexico nzima, kilianza mwaka 1930. Maonyo ya dini yalirudi kanisani. Vitu vitatu vilivyokuwa juu ya karatasi moja, vimefungwa katika fremu moja na kupigwa kwa mkandamizo mmoja, kila kimoja kilikwenda njia yake. Picha ya mauaji ikabaki bila wimbo wa kuibebea jina la muuaji.

Hapa ndipo watu wengi huilaumu kamera. Lawama hiyo ina ukweli, ila ni nusu yake. Mpigapicha wa magazeti hufika baada ya tukio. Anachokikuta ni mwili, damu, umati na askari, naye hawezi kupiga picha ya mkono ulioinuliwa, kwa sababu mkono umeshashuka na mwenye mkono amekimbia. Teknolojia yenyewe, bila nia mbaya ya mtu yeyote, ilihamisha jicho kutoka kwa mtenda kwenda kwa mtendwa.

Nusu ya pili ya ukweli iko mahakamani. Tangu mwaka 1869 makosa makubwa ya jinai katika mji mkuu yalisikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama waliochukuliwa kutoka kwa raia, na mashauri hayo yalikuwa tamasha la jiji: watu walijazana, mawakili walihutubia, washtakiwa walisimama na kuzungumza. Karatasi za Vanegas Arroyo zilikula kwenye meza hiyo. Mwaka 1929 mfumo huo ulifutwa katika mji mkuu. Kisa cha mwisho kilichotikisa nchi kilikuwa cha María Teresa Landa, mrembo wa taifa wa mwaka 1928, aliyempiga risasi mumewe baada ya kugundua kwamba alikuwa na mke mwingine. Wazee wa baraza walimwachia huru. Baada ya hapo kesi ya jinai ikawa jalada. Maelezo yaliandikwa, yakawekwa mhuri, yakapita kutoka meza moja hadi nyingine, na hakimu akaamua ofisini. Mwandishi wa habari aliyetaka kisa hakuwa tena na mahali pa kumwona muuaji akijibu. Alibaki na mahali pawili tu: kituo cha polisi na eneo la tukio. Kituoni alipewa maelezo ya kukiri ambayo mara nyingi yalipatikana kwa kipigo, na kwenye eneo la tukio alikuta maiti.

Kwa hiyo magazeti ya uhalifu, yale Wamexico wanayoyaita nota roja, yalikua katika nchi ambayo haki yake imefungiwa mlango. La Prensa lilianza mwaka 1928, mwaka mmoja kabla ya kufutwa kwa baraza la wazee. Jarida la Alarma! lilianza mwaka 1963, na mwaka uliofuata lilipata kisa kilicholijenga: akina dada waliokuwa wakiendesha madanguro huko Guanajuato, ambako wasichana waliuawa na kuzikwa. Mwandishi Jorge Ibargüengoitia alikitumia kisa hicho kuandika riwaya yake Las muertas ya mwaka 1977. Kwenye jarida, kurasa kwa kurasa zilijaa mafuvu na mashimo yaliyofukuliwa. Akina dada walionekana pia, ni kweli, na katika hilo jarida lilikumbuka kidogo desturi ya zamani. Kadiri miaka ilivyokwenda, nafasi ya mtuhumiwa ilisinyaa na nafasi ya mwili ikapanuka, mpaka jarida lenyewe likafikia mwisho wake mwaka 2014.

Enrique Metinides, aliyeanza kupiga picha za ajali akiwa mtoto na kufariki mwaka 2022, alilifahamu tatizo hili kwa jicho, hata kama hakulieleza kwa nadharia. Katika picha zake nyingi alirudi nyuma hatua kadhaa ili umati uingie. Watoto wanatazama, wanawake wanatazama, polisi wanatazama, na wote wanakutazama wewe. Picha yake ya mwaka 1979 ya mwanamke aliyegongwa na gari, amening'inia kwenye nguzo, macho wazi, nywele na kucha zimetengenezwa vizuri, leo iko kwenye majumba ya sanaa. Ni kazi ya msanii, nami naitazama kwa heshima. Lakini dereva hayumo, na hakuna anayeitazama picha hiyo leo anayemuuliza.

Wakati picha ya uhalifu inaporomoka kwenye magazeti, wachoraji walikuwa wamemfufua Posada, na ufufuo huo ulikuwa na upande wa kusahau. Mchoraji Jean Charlot, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Mexico, alimwandikia makala mwaka 1925. Mwaka 1930 kilitoka kitabu kikubwa cha picha zake, chenye utangulizi wa Diego Rivera. Rivera alikuwa akitafuta babu wa sanaa ya mapinduzi, na katika Posada alimpata. Mwaka 1947, kwenye ukuta wa hoteli moja iliyotazamana na Alameda, alimchora Posada ameshikana mkono na fuvu la kike lililovaa gauni refu na kofia yenye manyoya. Fuvu hilo lilitokana na bamba la Posada la kuwakejeli watumishi wa kike walioona aibu asili yao ya Kihindi, ambapo lilikuwa na kichwa na kofia tu. Mwili na mavazi ni ya Rivera. Tangu hapo dunia inamjua Posada kwa fuvu hilo, liitwalo Catrina. Filamu ya James Bond ya mwaka 2015 ilibuni gwaride la mafuvu katikati ya Jiji la Mexico, na mwaka 2016 jiji likaanza kulifanya gwaride hilo kweli.

Mafuvu yanapendeza, yanauzika, na hayamshitaki mtu. Mabamba ya wauaji yamebaki kwenye makabati ya watafiti. Mkusanyaji wa kazi za Posada huweza kuning'iniza Catrina sebuleni. Si rahisi kumning'iniza Bejarano.

Warithi wa kweli wa karatasi ya uhalifu walikuwa wachache. Mwaka 1937 Leopoldo Méndez, Pablo O'Higgins na Luis Arenal walianzisha karakana ya Taller de Gráfica Popular, na mwaka 1939 Méndez alitoa picha saba za chapa ya mawe kuhusu walimu wa vijijini waliouawa na wapinzani wa elimu ya serikali waliojiita watetezi wa Kristo. Mfululizo huo aliuita En nombre de Cristo, kwa jina la Kristo. Humo wauaji wamerudi. Wanaonekana wakimkokota mwalimu, wakiwa wengi, silaha mkononi, na mazingira ya shule au kijiji yanaonyesha ni nani walionufaika. Méndez aliondoa mashetani wa Posada na kuweka mahali pao itikadi na fedha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwisho ya desturi hii, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache kuliko mafuvu ya karakana hiyohiyo. Baada ya hapo karakana ilielekea zaidi kwenye mabango ya amani, vyama vya wafanyakazi na historia ya mapinduzi. Kisa cha jinai cha mtu wa kawaida, yaani mume aliyemuua mke au mwajiri aliyemtesa mtumishi, hakikuwa na nafasi katika sanaa iliyojiona ina kazi kubwa zaidi. Kiliachiwa magazeti ya udaku.

Gharama ya kukiachia ilijitokeza wazi Februari 2020. Kijana wa kike wa Jiji la Mexico aliuawa na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Picha za mwili wake, zilizopigwa na watumishi wa serikali waliofika eneo la tukio, zilivuja, na magazeti yakazichapa ukurasa wa mbele. Gazeti la Pásala, likikaribia siku ya wapendanao, lilitangaza kwamba mwenye makosa ni mungu wa mapenzi. Mtuhumiwa alikuwa amekamatwa, amekiri mbele ya kamera ya polisi, jina lake linajulikana. Hata hivyo kwenye ukurasa wa mbele kosa lilipewa kiumbe wa hadithi mwenye upinde. Zaidi ya miaka mia moja nyuma, mashetani wa Posada walikuwa nao viumbe wa hadithi, lakini walisimama nyuma ya mtu anayeonekana. Hapa mtu ameondolewa na kiumbe amebaki.

Wanawake waliandamana hadi ikulu na hadi ofisi za La Prensa. Maelfu ya watu waliweka mitandaoni picha za maua, bahari na machweo wakiziandika jina la marehemu, ili atakayelitafuta asikutane na mwili wake. Mwaka uliofuata bunge la Jiji la Mexico lilipitisha sheria inayobeba jina lake, ikiwatoza adhabu ya jinai watumishi wa umma wanaovujisha picha za namna hiyo. Naiunga mkono sheria hiyo. Ila inazuia tu kuonyeshwa kwa mwili. Haimrudishi mtenda mbele ya macho ya umma, na katika nchi ambayo mauaji mengi hayafiki kwenye hukumu, hilo ndilo pengo lenyewe.

Wachongaji wapo bado. Mwaka 2006, walimu wa Oaxaca walipogoma na serikali ya jimbo ikatumia nguvu, vijana walianzisha kundi la ASARO, wakachonga mbao na kubandika kazi zao ukutani usiku, zikimtaja gavana Ulises Ruiz waziwazi kama mhusika wa damu iliyomwagika. Baada ya wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa kutoweka Septemba 2014, nyuso zao zilichongwa na kuchapwa katika karakana nyingi nchini, na swali lililoandikwa chini yake lilihusu serikali. Hizi ni kazi za ushujaa. Lakini zile za ukutani zilifutwa kwa rangi, na zilizosalia hununuliwa na watalii wa Oaxaca na maktaba za vyuo vikuu vya Marekani kwa bei ambayo mnunuzi wa Vanegas Arroyo asingeimudu. Tena zinashughulika na uhalifu wa dola. Mwanamke wa Ecatepec, pembezoni mwa Jiji la Mexico, anayetaka kujua ni nani aliyemuua jirani yake, na kama mtu huyo amekamatwa, anakwenda kibandani na kununua gazeti lenye picha ya mwili wa jirani huyo, kwa sababu hakuna kingine kinachouzwa kwa pesa aliyonayo.